Mswada wa Mchanga na Daftari la Mwethya

Kijiji cha Kwa Kavoo,
kupitia sanduku la posta la kanisa, Mutomo.
4 Mei 2025

Kimeu mwanangu,

Huku tunapumua, na kwa mwaka huu hiyo ni habari njema. Mbuzi wawili wamezaa, mmoja kazaa pacha. Mvua ya Aprili ilikuja siku tatu, ikatusalimu, ikaenda zake. Goti langu la kushoto limekataa kukunjika, kwa hiyo kanisani nasali nikiwa nimesimama, na watu wanadhani nimeokoka upya.

Nimesikia habari zako kwa mchungaji kwa vile kwako sikuzisikia. Alitangaza Jumapili kwamba mtoto wetu sasa ni Mwanasheria Mkuu wa Kaunti nzima ya Yatta Kusini. Watu walipiga makofi. Nami nikapiga, maana nilikuwa nimeketi mbele na ningeonekana.

Sasa sikiliza. Baada ya ibada mwakilishi wadi wetu, Ndolo, alinionyesha karatasi aliyosema ni Mswada wa Mchanga. Yeye hakuwa ameusoma. Alitaka nimsomee kwa sababu alisahau miwani, na Ndolo husahau miwani kila palipo na maandishi. Nimeusoma. Mswada unairuhusu kaunti kumpa mwekezaji mchanga wa mto wowote “usiotumika”, na kifungu cha nane kinautaja mto wetu kwa jina miongoni mwa hiyo isiyotumika.

Wewe unajua ule ukuta uliokatiza mto wetu. Kundi letu la mwethya, la kusaidiana kazi, wanawake thelathini na mmoja, tuliujenga kwa misimu miwili ya kiangazi, kila Alhamisi, bila malipo. Mchanga unaokaa nyuma ya ukuta ndio tangi letu. Tunachimba humo kisima kifupi na maji yapo, hata Septemba. Malori yakiubeba mchanga yamebeba maji, na sisi tutarudi kutembea saa nne kwenda na saa nne kurudi.

Nina swali moja tu. Mswada huo ukifika bungeni, utasimama useme, ama utakaa?

Usinipigie simu. Miaka ishirini na sita nilichapa Hansad, kumbukumbu za Bunge, kule Nairobi, na nilichojifunza ni kwamba mtu hakusema kitu mpaka kiwe kwenye karatasi.

Ni mimi shangazi yako,
Kathini


Emali,
2 Juni 2025

Shangazi mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta ukiwa buheri wa afya kama inavyoniacha mimi na jamii yangu. Mke wangu Waithera anakusalimu sana. Duka lake hapa karibu na stesheni linaendelea vizuri. Watoto wako shuleni na wanauliza lini watakuja kuwaona mbuzi.

Nashukuru kwa pongezi zako. Kuhusu lile suala lingine, naomba nikueleze kwa heshima kwamba mambo haya yana utaratibu wake. Mimi si mjumbe wa Bunge la Kaunti. Naingia pale kwa wadhifa tu. Sina kura. Kazi yangu ni kuishauri serikali ya kaunti, na ushauri wa mwanasheria kwa mteja wake ni siri, hata kwa ndugu wa damu.

Naweza kukuhakikishia jambo moja: maoni ya wananchi yalichukuliwa kikamilifu kama Katiba inavyotaka, na wakazi wa eneo lenu walishirikishwa. Kwa hiyo usijisumbue, Shangazi. Hili ni jambo la kitaalamu. Tuachie sisi.

Pole kwa goti. Nitaleta dawa nikipata nafasi.

Wako mtiifu,
Kimeu


Kwa Kavoo,
15 Juni 2025

Kimeu,

“Buheri wa afya kama inavyoniacha mimi.” Hiyo sentensi nilikufundisha ukiwa darasa la sita, na nilikwambia wakati ule kwamba mtu akiianza barua hivyo ujue kuna jambo hataki kulifikia. Mbuzi pacha mmoja amekufa. Waambie watoto yule aliyebaki ni jike.

Dawa ya goti usilete. Lete majibu.

Sasa mimi mama mzee wa karai na kuni nikufundishe kazi yako. Nilipokuwa Hansad, kabla ya Katiba hii mpya, Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikuwa anakaa mle ndani na wabunge. Hakuchaguliwa na mtu, na kura hakuwa nayo. Kengele ya kura ikilia, wenzake wanahesabiwa yeye anapekua karatasi. Lakini akisimama kusema, hata wale waliokuwa wakilala waliamka, kwa sababu yeye peke yake ndiye angeweza kuwaambia, “Mkipitisha hivi, mnavunja sheria.” Nilichapa wanasheria wakuu kadhaa, majina siyataji. Wengine walilitumia hilo neno. Wengine walikaa pale miaka na miaka kama makoti yaliyosahauliwa kwenye viti.

Na unajua kimya kinachapwaje? Hakichapwi. Niliwachapa waongo, walevi, na mmoja aliyeimba. Yule aliyenyamaza sikumchapa. Ukitafuta leo alifanya nini siku ile mbaya, ukurasa unaruka kutoka kwa msemaji aliyetangulia hadi kwa aliyefuata.

Halafu unaniambia huna kura! Nani alikuuliza kura? Kanuni za Bunge lenu ninazo hapa. Ndolo alinipa nakala yake, na kurasa zilikuwa bado zimeshikana kwa upya. Kanuni ya arobaini na moja: Mwanasheria Mkuu wa Kaunti ana haki ya kuhudhuria na kusema katika kikao chochote na kamati yoyote, ila hatapiga kura. Wamesema haki. Hawakusema akitumwa na Gavana, wala akijisikia vizuri. Umepewa kitu kimoja tu mle ndani, nacho ndicho unachokificha.

Tena hayo maoni ya wananchi yalichukuliwa wapi? Kwa Kavoo hakuna ng’ombe anayepita bila mimi kumjua. Hakuna gari la kaunti lililokuja, hakuna hema lililosimamishwa, hakuna soda iliyofunguliwa. Nitumie orodha ya waliohudhuria.

Kathini


Emali,
9 Agosti 2025

Shangazi mpendwa,

Samahani kwa kuchelewa. Kazi imekuwa nyingi. Nimekutumia kwa ofisi ya vifurushi taa ya sola na unga wa wimbi ambao Waithera amekusagia mwenyewe. Natumai vimefika salama.

Orodha uliyoomba ni hati ya serikali, na mimi siwezi kuitoa kwa njia ya barua ya kifamilia. Utaelewa.

Naomba pia usimtume Ndolo tena ofisini kwangu. Alikuja na Kanuni mkononi, akaniuliza mbele ya makarani kanuni ya arobaini na moja inamaanisha nini. Ilikuwa aibu kidogo.

Tunakuombea,
Kimeu


Kwa Kavoo,
24 Agosti 2025

Kimeu,

Mwambie Waithera unga ulikuwa mzuri sana na Mungu ambariki. Taa nimempa mwenyekiti wetu, Kasyoka, mjukuu wake asomee. Sikutaka kitu kinachomulika nyumbani kwangu kikitoka kwako.

Ndolo sikumtuma. Ikiwa Ndolo amefungua kitabu kwa hiari yake, basi wewe ndiye mtu wa kwanza kufanikiwa kumwelimisha.

Orodha nimeipata. Nilivaa ile nguo yangu ya kazini, nikaenda makao makuu, nikaingia kwa Karani wa Bunge kama mtu anayejua njia. Nikaomba jalada la Mswada. Mswada ukishawasilishwa bungeni, jalada lake ni la kila mtu, na hilo wewe ungenieleza kama ungekuwa mwanasheria wangu. Kijana wa pale alinipa bila shida. Nikaketi kwenye benchi, nikafungua Kiambatisho cha Tatu: “Orodha ya Wakazi wa Kwa Kavoo Waliotoa Maoni.” Majina thelathini na moja, sahihi na vidole gumba. Nakuandikia machache jinsi yalivyo.

Kasyoka, sululu.
Mbula, jembe.
Kathini, karai.
Ndinda, mtaimbo.
Kalunde, karai na mtungi wa uji.

Kimeu, tangu lini watu wakaenda kutoa maoni juu ya sheria wamebeba mitaimbo? Uji wa Kalunde ulikuwa wa kifungu gani?

Huo ni ukurasa wa daftari letu la mwethya, wa Agosti 2019, tulipokuwa tukichimba msingi. Wewe unajua jinsi tunavyoandika. Kila anayefika anaandika jina na chombo alichokuja nacho, ili jioni kila mtu arudi na chake na asiwepo wa kusema alifanya kazi kwa mikono mitupu. Wataalamu wenu walikata kichwa cha karatasi, wakabandika kingine. Vyombo hawakuona haja ya kuvikata. Pengine walidhani ni majina ya baba zetu.

Na Mbula tulimzika mwaka 2022. Wewe mwenyewe ulibeba jeneza. Labda alitoa maoni kutoka huko aliko.

Sasa nitasema jambo ambalo limenikosesha raha wiki mbili, na nimelichelewesha kwa sababu ni langu. Daftari hilo halikuibwa. Mwaka jana, tarehe 28 Desemba, ulikuja kwangu ukala muthokoi sahani mbili, ukaniambia kuna mfuko wa maji unaosaidia makundi ya akina mama, nikupe daftari upige picha za kurasa. Nilikupa. Niliwaita hata wenzangu waje wakuone ukipiga picha, ili waone mtoto niliyemlea. Nimelifanya mimi kwa mikono yangu. Kasyoka bado sijamwambia.

Na cheti kilicho mbele ya kiambatisho, kinachothibitisha kwamba wananchi walishirikishwa, kina sahihi. Hiyo sahihi naijua. Ile “K” yenye mkia mrefu nilikuchapa kiboko ukiwa mdogo ili uiache.

Kathini


Emali,
3 Oktoba 2025

Shangazi,

Nimesoma barua yako mara nyingi. Waithera pia aliisoma, sikutaka, aliikuta mezani. Tangu hapo tunazungumza mambo ya watoto tu.

Nakuapia kwamba zile picha nilizitoa kwa nia njema. Nilizipeleka idara ya maji kwa ajili ya mfuko, kama nilivyokwambia. Jinsi zilivyotoka maji zikaingia kwenye mchanga sijui. Faili lilinifikia siku ya mwisho, Gavana alikuwa akisubiri, na nilitia sahihi bila kufungua viambatisho. Ni kosa la kiofisi, na yanatokea kila siku.

Hali yangu uielewe. Nimeambiwa, si kwa maandishi, kwamba Mwanasheria Mkuu anayesimama bungeni kupinga mswada wa serikali yake mwenyewe hana haja ya kurudi ofisini kuchukua koti. Haki ya kusema ninayo, Shangazi, kanuni naijua. Lakini nikisema, nasema mara moja tu. Nikinyamaza, nabaki ndani, na huenda kesho nikazuia jambo baya zaidi. Je, hilo hulioni?

Mjadala ni Jumanne tarehe 21. Tafadhali usije.

Kimeu


Kwa Kavoo,
12 Oktoba 2025

Kimeu,

Mbuzi wako wazima. Goti ni lile lile.

Hukufungua? Wewe? Mtoto niliyemfundisha kusoma hata karatasi iliyofunga sukari? Siamini, na nadhani Waithera pia haamini.

Hao wanaobaki ndani ili kesho wazuie jambo baya zaidi niliwachapia kazi yao miaka ishirini na sita. Hiyo kesho sikuwahi kuichapa.

Nimemwambia Kasyoka nani alitoa daftari. Alinitazama, akaendelea kupepeta mahindi mpaka yakaisha. Halafu akasema, “Basi wewe ndiwe utapanga safari.”

Tunakuja. Kila mmoja na chombo kilichoandikwa mbele ya jina lake, ili Bunge lisidanganywe.

Kathini


Emali,
26 Oktoba 2025

Shangazi,

Niko nyumbani. Waithera anakusalimu, na safari hii ametaka niandike kwamba anakusalimu kwa moyo wote.

Najua hamkuingia. Nilikuwa dirishani juu nilipowaona langoni. Askari alitaka mwache vyombo nje, na nilisikia sauti ya mama Kasyoka mpaka ghorofa ya kwanza: “Hizi sululu ziko kwenye faili lenu! Kama sululu haiingii, na mimi sikutoa maoni!” Askari akafunga lango. Kisha nikakuona wewe, umeketi juu ya karai ulilolifudikiza, mguu wa kushoto umenyooshwa, unatazama mlango. Kengele ikalia nikaingia.

Kwa kuwa hukuwepo, nimeambatisha ukurasa wa Hansad. Lakini nakuandikia pia mwenyewe, kwa maana umesema mtu hakusema kitu mpaka kiwe kwenye karatasi.

Ndolo alikuwa amesema, na alisema vizuri kuliko nilivyotarajia. Alivaa miwani. Akamuuliza Spika kwa nini Mwanasheria Mkuu yupo ndani na hasemi. Wajumbe wakacheka. Spika akasema Mwanasheria Mkuu halazimiki. Nilikuwa na maneno mengi ya kitaalamu tayari kwenye karatasi, ya kusema bila kusema. Nikasimama, nikashindwa kuyasoma. Nilichosema ni hiki:

“Mheshimiwa Spika, nasimama kwa kanuni ya arobaini na moja. Kiambatisho cha Tatu si orodha ya maoni. Ni daftari la kazi. Jina la tatu ni la shangazi yangu, Kathini, na sululu iliyoandikwa hapo ni chombo alichochimbia msingi wa ukuta ambao Mswada huu unasema hautumiki. Jina la pili ni la marehemu. Picha za daftari nilizichukua mimi. Cheti nilikitia sahihi mimi. Nilikuwa nimefungua kiambatisho, Mheshimiwa Spika. Niliona jina la shangazi yangu, nikalifunga faili, nikatia sahihi. Mkiupitisha Mswada huu kwa cheti hicho, mnavunja Katiba, na ushahidi ni mimi.”

Ndiyo, nilikuwa nimefungua. Nilikudanganya kwenye barua ya tarehe tatu. Naona haya kukuandikia, lakini wewe ulishajua.

Hawakuupigia kura. Wameurudisha kwenye kamati na maoni yachukuliwe upya. Mimi nilipata barua yangu saa kumi jioni ile ile. Nimesimamishwa kazi hadi uchunguzi uishe, na cheti changu ndicho cha kwanza kuchunguzwa. Wana haki. Nilipotoka mlikuwa mmeshaondoka.

Sijui nitafanya nini sasa. Nasaidia dukani. Watu wa Emali wananiuliza bei ya sabuni, na ndiyo maswali pekee ninayoyajibu bila kuogopa.

Mtoto wako,
Kimeu


Kwa Kavoo,
9 Novemba 2025

Kimeu mwanangu,

Mvua imeanza. Imenyesha juzi na jana, ya maana, na mto umeshuka mwekundu, ukagonga ukuta, ukarukia juu. Tulisimama ukingoni tukipiga kelele kama watoto. Mchanga mpya umeingia. Yule mbuzi jike amekua, na Waithera alete watoto wamwone kabla hajawa mkali.

Usidhani umekuwa shujaa. Mtu aliyewasha moto kisha akaja na ndoo hatumpigii makofi. Mswada uko kwenye kamati, haujafa, na watakuja na hema lao na soda zao. Safari hii sisi tutakuwepo, na mimi nitaandika Hansad mwenyewe. Kuhusu uchunguzi, jibu wanachouliza na usitafute kijana wa ofisi wa kumtupia lawama. Nikisikia umefanya hivyo, nitakuja Emali nikuchape mbele ya wateja.

Ukurasa wa Hansad nimeupokea. Nimeusoma kwa kalamu nyekundu, kama nilivyozoea. Umekosea mahali pamoja. Sululu ilikuwa ya Kasyoka, mimi nilikuja na karai. Siku kubwa kama ile, mbele ya Bunge zima, na bado hukusoma mstari vizuri. Hata hivyo nimeukunja, nimeuweka ndani ya Biblia, mahali ambapo picha ya baba yako iko. Nililia kidogo. Nakuambia ili usisikie kwa wengine.

Nilisimama mbele ya kundi nikaomba msamaha kwa kutoa daftari. Walinitoza kufua nguo za wagonjwa watatu, nimeshafua. Halafu tukazungumza habari zako. Wengine hawakutaka. Kalunde alisema hatakupa uji. Mwishoni tumekubaliana kwamba mchanga mpya ukitulia tutaongeza ukuta juu kwa kimo cha mkono mmoja, kuanzia Alhamisi tarehe 20, na jina lako tumeliandika kwenye daftari, ili tutimie tena thelathini na mmoja, pale palipoachwa wazi na Mbula.

Mbele ya jina hatujaandika chombo. Kasyoka alitaka kuandika “mdomo”, wote wakacheka, nikakataa. Mdomo haubebi mchanga, na wewe umeutumia mara moja tu.

Njoo na karai. Langu limetoboka.

Shangazi yako,
Kathini